Kazi za Mikono na Picha za Vichezeo Kando ya Ziwa: Dhana Potofu na Ukweli

Kutengeneza vitu vidogo kwa mikono, kisha kuvipanga na kuvipiga picha mpaka mtazamaji ajiulize kama ni vya kweli, ni hobi ambayo watu wengi wa Mwanza wanaielewa nusu. Nusu ya kwanza, ya kutengeneza, inajulikana vizuri, kwa kuwa ni nadra kumpata mtu aliyekulia Igoma, Buswelu au Ukerewe ambaye hakuwahi kusukuma gari la waya au la mabua. Nusu ya pili, ya kupiga picha, ndiyo iliyozungukwa na maneno mengi yasiyo na msingi, na baadhi ya maneno hayo yameishushia hadhi hata ile ya kwanza. Makala haya yanazichukua dhana hizo moja baada ya nyingine, bila kujali usawa wa urefu, kwa sababu zipo zinazojibiwa kwa sentensi chache na zipo zinazomtaka mtu ashike kalamu apige hesabu.

Dhana: Huo ni mchezo wa watoto

Dhana hii ndiyo inayosikika zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo dhaifu kuliko zote. Anayeisema kando ya Ziwa Victoria anasahau ya kwao. Katika mashindano ya ngoma za Wasukuma, ambamo makundi ya Wagika na Wagalu hugombea umati wa watazamaji, sanamu za mbao na viroja vya kila namna vimekuwa miongoni mwa mbinu za kuwavuta watu upande mmoja wa uwanja, na waliozitumia walikuwa watu wazima wenye familia na heshima zao. Makumbusho ya Wasukuma yaliyopo Bujora, Kisesa, yanahifadhi kumbukumbu za makundi hayo mawili, na ni mahali pazuri pa kuanzia kwa anayedhani kuwa mtu mzima kushika sanamu ndogo mbele ya watu ni jambo lililoletwa na simu.

Nje ya nchi, mpiga picha wa Marekani David Levinthal, aliyezaliwa mwaka 1949, amekuwa akipiga picha za wanasesere na askari wa plastiki tangu miaka ya 1970, na kazi zake zimehifadhiwa katika makumbusho makubwa ya sanaa. Hakuna anayemwita mtoto. Ukweli mdogo uliojificha ndani ya dhana hii ni kwamba kazi yenyewe inafurahisha, na kwa watu wengine furaha peke yake inatosha kuwa kosa.

Dhana: Bila kamera kubwa hutapata picha ya maana

Kwa picha za mandhari ya usiku au za wanyama walio mbali, kamera kubwa ina faida isiyobishaniwa. Kwa picha za vichezeo, mambo hugeuka. Kihisi cha simu, yaani ile sehemu ndogo inayopokea mwanga nyuma ya lenzi, ni kidogo sana, na lenzi yake ni fupi. Matokeo yake ni kwamba simu huonesha kwa ukali sehemu kubwa zaidi ya mbele na nyuma ya kitu kuliko kamera kubwa inayopiga picha ileile kwa tundu lile lile la lenzi. Hili ni jambo linalohitajika hasa pale kitu kinachopigwa kina urefu wa sentimita 4 au 7.

Hapo ndipo inapoingia dhana nyingine iliyoshikana na hii, kwamba picha ya kitaalamu ni ile ambayo nyuma yake pamefifia kabisa. Macho yetu yamezoea kwamba kitu kikubwa, kama vile basi au nyumba, kikipigwa picha huonekana vyema kuanzia mbele hadi nyuma, na kwamba ukungu mzito mbele na nyuma hutokea tu kitu kinapokuwa kidogo na lenzi iko karibu nacho sana. Kwa hiyo anayefifisha mandhari yote nyuma ya gari la waya anamwambia mtazamaji wazi kwamba gari hilo ni dogo. Ikiwa lengo ni kulifanya lionekane kama gari la kweli linalopita barabara ya Makongoro, njia sahihi ni kurudi nyuma hatua moja, kupiga picha yenye nafasi pande zote, kisha kuikata baadaye. Ile hali ya simu inayofifisha nyuma kwa hesabu za programu ni adui mkubwa zaidi, kwa sababu haijui kushughulika na waya: itaufifisha mpini wa usukani, itameza nusu ya taili na kuacha pengo lenye ukungu ndani ya fremu pale ambapo mandhari yalipaswa kuonekana.

Jambo lenye thamani kuliko bei ya simu ni kimo cha lenzi. Mstari wa upeo wa macho, pale ziwa linapokutana na anga, hukaa daima kwenye kimo cha lenzi yenyewe. Mtu akisimama ufukweni akipiga picha ya mtu mwenzake, mstari huo humpitia mwenzake karibu na macho. Basi ukitaka mdoli wa sentimita 4 aonekane kama mtu, lenzi inabidi ishuke hadi sentimita 3 au 4 kutoka ardhini ili ziwa limpitie palepale. Kwa kuwa lenzi za simu nyingi ziko sehemu ya juu, dawa ni kuipindua simu kichwa chini na kuiegemeza ardhini. Wapita njia watacheka, lakini picha itakuwa sahihi.

Dhana: Mchanga ni mchanga, maji ni maji

Hili ndilo kosa linaloharibu picha nyingi kuliko yote, na halitokani na uvivu. Linatokana na kutopiga hesabu. Kila kichezeo kina skeli yake. Magari madogo ya chuma, yale yanayojitokeza mara kwa mara kwenye meza za mitumba, mengi yametengenezwa kwa skeli inayokaribia 1:64, maana yake kila sentimita moja ya kichezeo ni sentimita 64 za gari la kweli. Sasa chukua punje ya mchanga wa ufukweni yenye upana wa milimita 1 na uiweke kando ya taili la gari hilo: kwa macho ya mtazamaji, hiyo ni kokoto ya sentimita 6.4. Barabara yote uliyoipanga kwa uangalifu itaonekana kama imemwagwa kokoto za kujengea. Mawe ya Mwanza ni matale, na tale lina chembe zinazoonekana kwa macho. Chembe ya milimita 5 katika jiwe uliloliokota Bwiru huwa pande la sentimita 32 katika dunia ya gari lako, kwa hiyo jiwe dogo halifanani na jiwe kubwa hata kama umbo lake linafanana.

Dawa ni kubadilisha malighafi. Vumbi laini la barabarani lililopitishwa kwenye kipande cha soksi za wanawake au kanga kuukuu hufanya barabara nzuri ya vumbi kwa skeli ndogo. Kwa jiwe, udongo wa mfinyanzi uliosuguliwa kwa msasa mlaini na kupakwa rangi ya kijivu humshawishi mtazamaji kuliko jiwe lenyewe. Inashangaza, lakini katika hobi hii kitu cha bandia mara nyingi kina ukweli zaidi ya kitu halisi.

Maji ndiyo mkaidi kuliko vyote, kwa sababu hayakubali kupunguzwa. Ngozi ya juu ya maji ina mvuto unaoyakusanya kuwa tone la ukubwa uleule, uwe umelidondosha juu ya bati la nyumba au juu ya bati la kichezeo. Tone la milimita 4 juu ya boneti ya gari la 1:64 lina upana wa takriban sentimita 26, kubwa kuliko mpira wa miguu, na hakuna mvua ya namna hiyo duniani. Mawimbi nayo, kwenye beseni, huwa mafupi, laini na ya haraka, tofauti kabisa na ya ziwa siku ya upepo. Kwa hiyo wazoefu huitengeneza sehemu ya maji iliyo karibu: kadibodi iliyopakwa rangi ya buluu iliyochanganywa na kijani, kisha gundi nyeupe ya mbao inayomwagwa juu yake na kuburuzwa kwa kijiti ikiwa bado mbichi. Gundi hiyo ikikauka hugeuka kuwa angavu na kuacha mikunjo inayong'aa. Ziwa halisi lenyewe hubaki kazi yake ni kuwa mandhari ya mbali, na hapo ni bora kuliko chochote.

Skeli pia huamua nini kitengenezwe na nini kiachwe. Mwanasesere mdogo wa LEGO, aliyeanza kuuzwa mwaka 1978, ana kimo cha takriban sentimita 4, na ukimlinganisha na mtu wa sentimita 170 unapata skeli ya karibu 1:42. Mtumbwi wa mita 8 kwa skeli hiyo ni sentimita 19, kazi ya jioni chache. Lakini MV Mwanza, meli yenye urefu wa mita 92.6, ingehitaji mita 2.2 za kadibodi, na haingii juu ya meza ya mtu yeyote ninayemfahamu. Mwenye busara hutengeneza kipande cha staha, ngazi na chuma cha kushikia, akaiacha meli iliyobaki nje ya picha, na mtazamaji huimalizia mwenyewe kichwani.

Nitaongeza jambo moja ambalo watu wa Kirumba hawatakusamehe. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi kwa taa, iwe karabai au taa za sola, na taa huvuta dagaa pale giza linapokuwa zito. Mbalamwezi ikiwa kubwa, wengi hupumzika. Ukitengeneza mtumbwi mzuri wa dagaa wenye taa zake, ukaupiga picha na mwezi mpevu ukiwa juu yake, mtu yeyote wa soko la samaki la Mwaloni ataiona picha hiyo na kuuliza ni mgeni gani aliyeipiga.

Dhana: Saa ya dhahabu ni saa nzima, na mchana hakufai kitu

Mafunzo mengi ya upigaji picha yaliyopo kwenye intaneti yameandikwa na watu wa nchi za kaskazini, ambako jua huchomoza kwa mshazari na kukaa chini kwa muda mrefu. Mwanza ipo takriban nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, na hapa jua hupanda karibu wima, kiasi cha nyuzi 15 kila saa. Jua likichomoza saa 12:45 asubuhi, ifikapo saa 1:45 tayari limeshapanda karibu nyuzi 15 na rangi yake ya dhahabu imekwisha. Kwa hiyo anayefuata ushauri wa Uingereza akiwa Nyegezi atafika amechelewa. Mpangilio wote, yaani meza, vichezeo na mandhari, unapaswa kuwa tayari kabla jua halijatokeza, na jioni vivyo hivyo kabla ya saa 12:20 au karibu na hapo.

Utosi wa jua, yaani pale linapofika juu kabisa angani, nao hauji saa sita kamili, kama wengi wanavyodhani. Saa za Afrika Mashariki zinafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ilhali Mwanza iko karibu na nyuzi 33, na tofauti hiyo huchelewesha utosi hapa hadi kati ya saa 6:30 na saa 7:00 mchana, kulingana na mwezi. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua hupita juu kabisa ya vichwa, na gari la kichezeo hukanyaga kivuli chake lenyewe.

Hata hivyo, kusema kwamba mchana haufai ni kusahau faida kuu ya kitu kidogo. Mpiga picha wa harusi hawezi kulihamisha kanisa kivulini; wewe unaweza kuuhamisha mji wako wote kwa mikono miwili. Boksi lililotobolewa ubavuni na kuzibwa kwa kitambaa cheupe chepesi hulainisha jua la saa saba vizuri, na karatasi nyeupe iliyowekwa upande wa pili hurudisha mwanga kwenye kivuli. Zamani watu walitumia mfuko mweupe wa plastiki kwa kazi hiyo, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na kitambaa ni bora zaidi kwa sababu hakipigi kelele kwenye upepo wala hakiyeyuki. Anayetumia tochi usiku azingatie kwamba vivuli vya jua huenda sambamba, wakati vivuli vya tochi iliyo karibu hutawanyika na kupanuka. Tochi isogezwe mbali iwezekanavyo, la sivyo siri ya udogo itafichuka.

Dhana: Ni hobi ya wenye fedha

Edward Saidi Tingatinga, aliyeishi kati ya mwaka 1932 na 1972, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa kutumia rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, na mtindo huo leo unabeba jina lake duniani kote. Anayesubiri rangi na turubai kutoka nje amekwisha kujibiwa.

Kwa magari na mitumbwi, malighafi zimejaa mitaani: vizibo vya soda, soli za ndala zilizokatika, vipande vya vitenge kutoka kwa mafundi cherehani, nyuzi za nyavu zilizochoka, maboksi ya biskuti. Kwa fremu, waya wa kufungia nondo ni rafiki, kwa sababu umelainishwa kwa moto kiwandani na hukunjika kwa vidole. Ila ukiukunja na kuukunjua mahali pamoja mara nyingi huwa mgumu na kukatika, kwa hiyo kunja mara moja, kwa koleo, na uamue. Waya mzito wa hanga hutumika kwa ekseli na usukani.

Palipo na makosa ya hatari ni katika namna ya kuzipata malighafi hizo. Wapo wanaoamini kwamba kuchoma nyaya za umeme ili kupata shaba ni suala la harufu mbaya tu. Ganda la nyaya nyingi ni plastiki yenye klorini, na likiungua hutoa gesi ya asidi pamoja na dioksini, sumu zinazodumu mwilini kwa miaka. Ganda huvuliwa kwa kisu au wembe, taratibu, na kama ni jembamba mno kuvuliwa basi waya huo uachwe. Unga mweusi wa betri za tochi, ambao wengi wetu tuliuona ukipakwa kwenye mbao za kuandikia shuleni, nao si rangi ya kumpa mtoto aichezee kwa mikono.

Gundi inahitaji maneno zaidi kidogo, maana dhana kwamba gundi nyingi ndiyo nguvu imeharibu kazi nyingi nzuri. Supa gluu huganda kwa msaada wa unyevu uliomo hewani na kwenye vitu vyenyewe, na hushika vizuri pale inapokuwa utando mwembamba kati ya nyuso mbili zinazogusana. Ikizidi, hukaa mbichi katikati, na mvuke wake huacha ukungu mweupe usiofutika kwenye kioo cha gari ulichokikata kutoka chupa ya maji. Gundi ya viatu ina utaratibu wa kinyume na haraka za watu: hupakwa pande zote mbili, ikaachwa mpaka isinate kidoleni, ndipo vipande vikabanwa kwa nguvu. Anayebandika ikiwa bado mbichi huilaumu gundi bure. Gundi hiyo pia huyeyusha lile povu gumu jeupe linalofungashwa na televisheni, kwa hiyo kwa povu tumia gundi ya mbao. Na kwa kuwa mvuke wake hulevya na hudhuru, fanya kazi hiyo uani, si chumbani na mlango umefungwa.

Dhana: Magugu maji ni malighafi ya bure isiyo na masharti

Gugu maji lilitoka Amerika ya Kusini, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 lilikuwa limeonekana katika pande zote tatu za Ziwa Victoria. Mabua yake yakikaushwa husukwa vikapu, mikeka midogo na, kwa hobi yetu, mapaa ya nyumba na kuta za vibanda vya skeli ndogo. Kweli ni ya bure, lakini zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji, kwa hiyo mzigo unaoujaza mkokoteni hukauka ukawa kifurushi. Bua lisilokauka hadi ndani huota ukungu mara masika inapoanza Machi, na kazi yote hunuka. Kibaya zaidi, chini ya majani hayo hujificha konokono na nyoka, na si busara kuyavuta kwa mkono mtupu. Wala usiyahamishie kwenye bwawa au kisima ili uwe nayo karibu. Ndivyo yalivyosambaa tangu mwanzo.

Dhana: Kuingia majini hadi kifundo cha mguu hakuna neno

Kuna neno. Kando ya Ziwa Victoria ni eneo la kichocho, na vimelea vyake, baada ya kutoka kwa konokono wa majini, hupenya ngozi ndani ya dakika chache, hata pale maji yanapofika kifundoni. Wengi wao hutoka kwa konokono mchana jua likiwa kali, wakati uleule ambao mpiga picha ameshuka kutafuta pembe nzuri kati ya matete. Viatu vya mpira virefu vinasaidia. Kulala kifudifudi kwenye maji ya kina kifupi ili kupata kimo cha mdoli, hata kwa picha nzuri kiasi gani, hakufai. Anayehitaji maji halisi ayachote kwa uangalifu, ayaache kwenye beseni lisilo na konokono kwa saa 48, maana vimelea hivyo haviishi muda huo bila kumpata mtu. Aliyekwisha kuingia mara nyingi akapime. Prazikwanteli ni dawa inayojulikana na inapatikana.

Dhana: Ni mdoli tu, hauwezi kumuumiza mtu

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara. Katika jiji hili unaweza kukaa kwenye daladala karibu na mtu aliyempoteza mzazi katika moja ya ajali hizo bila kujua. Picha ya meli ya kichezeo iliyopinduka, na midoli ikielea pembeni yake, inaweza kuonekana kwa mpigaji kuwa zoezi la mwanga na maji tu. Kwa mwingine ni siku ile imerudi. Sisemi msiba usiguswe na sanaa, lakini unaguswa kwa makusudi na kwa adabu, hautumiwi kama mapambo.

Katika upande wa ruhusa, kichezeo hakimpi mtu kinga. Bandari, vivuko na uwanja wa ndege ni maeneo yenye ulinzi, na askari anayekuona ukielekeza simu huko hawezi kujua kwamba unalenga gari la waya. Omba kwanza. Kisiwa cha Saanane, kilichotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, kina mawe na mwanga wa kupendeza sana, pamoja na kiingilio na masharti yake. Mawe na mimea ya hapo si mapambo ya kubeba kwenda nayo nyumbani.

Dhana: Usipouza, umepoteza muda

Majirani huuliza bei kabla ya kuuliza jina la kitu. Hobi haina deni la kujieleza kwa faida, na nimeona waliogeuza kila gari kuwa oda wakaacha kabisa kutengeneza. Kwa anayetaka kuuza, sheria iko wazi kuliko inavyosemwa: wapo wanaodhani kwamba picha haina ulinzi mpaka isajiliwe COSOTA, yaani ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ilhali Tanzania iliingia katika Mkataba wa Berne mwaka 1994 na ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na chini ya misingi hiyo haki huanza pale kazi inapokamilika. Usajili ni ushahidi mzuri ukitokea mgogoro. Upande wa pili wa sarafu ni kwamba mdoli wa kampuni ya kigeni una mwenyewe, na kumuuza kwenye mabango au fulana ni tofauti na kumpiga picha kwa kujifurahisha. Gari lako la waya halina utata huo.

Dhana: Vitu vya namna hii havidumu

Hudumu vikihifadhiwa kwa kujua adui wa kila kimoja. Waya hupata kutu, ingawa Mwanza ina nafuu kuliko Tanga au Dar es Salaam, kwa kuwa maji ya ziwa hayana chumvi inayoharakisha kutu. Kitambaa chenye mafuta kidogo, au tabaka moja la vanishi, linatosha. Soli ya ndala hukakamaa na kupasuka ikiachwa juani, kwa hiyo isikae dirishani. Maboksi yaliyobandikwa kwa uji wa unga huliwa na mende usiku kucha, na afadhali kutumia gundi ya mbao tangu mwanzo. Udongo usiochomwa ukipata maji hurudi kuwa tope. Vyote vifungwe kwenye karatasi na kuwekwa kwenye boksi lenye matundu, mbali na ukuta unaotota wakati wa mvua, na kila kifurushi kiandikwe skeli yake juu, ili siku ya kupiga picha asije mtu akamweka dereva wa 1:42 ndani ya basi la 1:64.